Mtia Makaa Anayetaka Darasa la Kwanza

Ulaanbaatar, 14 Machi 2004

Mdogo wangu Gombosuren,

Hamjambo huko Khar Tolgoi? Mmeuvuka msimu wa baridi salama? Wifi yangu Uranchimeg hajambo? Mifugo imepita vizuri, imeanza kunona? Mimi ni mzima. Duka la dawa la hospitali ni lile lile, wagonjwa wanakohoa na sisi tunahesabu vidonge. Moshi wa mji umezidi mwaka huu, mpaka nguo nilizoanika dirishani naziingiza ndani zikiwa chafu kuliko nilivyozitoa.

Kadi yako ya heri ya mwaka mpya wa Mwezi Mweupe ilifika wiki mbili baada ya sikukuu yenyewe kwisha. Niliisoma nimesimama mlangoni, koti bado mwilini. Kwa hiyo umemaliza darasa la kumi! Jioni baada ya jioni, na masizi mikononi, ukakaa kwenye dawati na kumaliza kile ulichokiacha Baba alipofariki, ukaenda kuchunga ili mimi niendelee na shule. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mtu anayeficha peremende, umeandika kwamba unataka kusomea ualimu. Nililia, nikacheka, kisha nikatoka kwenda kumtafuta jirani nimwambie.

Sasa sikiliza, kwa sababu nimeshazunguka. Iko milango mitatu. Wa kwanza ni chuo kikuu hapa mjini: shahada ya ualimu wa historia, miaka minne, unasoma mchana kama wanafunzi wengine. Wa pili ni kozi ya masafa ya chuo cha ualimu cha mkoani kwenu, ya walimu wa madarasa madogo. Unasomea nyumbani, chuoni unaitwa mara mbili kwa mwaka. Wa tatu ni chuo binafsi kilichopanga juu ya duka la viatu, kinachoahidi kila kitu kwa miaka miwili. Nilipomuuliza binti wa mapokezi kama wahitimu wao wanapewa leseni ya ualimu, aliniuliza kama nitapenda chai. Huo mlango tuufunge.

Kwangu mimi jibu liko wazi. Historia ndiyo uliyokuwa ukiipenda tangu utotoni, ulikuwa ukitutajia majina ya wake wa makhan, wafalme wetu wa kale, mpaka Mama anakufukuza nje. Utakaa kwangu. Chumba kipo. Usinianzie habari za umri, una miaka thelathini na minane, si mia.

Nijibu upesi. Nakujua, wewe mtu akikuuliza jambo leo unalijibu theluji ikishayeyuka.

Dada yako,
Norjmaa


Khar Tolgoi, 18 Aprili 2004

Dada Norjmaa, shikamoo.

Sisi wazima. Upepo wa vumbi umetuandama wiki nzima, ukifungua mdomo kusalimia mtu unafunga umejaa mchanga. Uranchimeg anakusalimu, anasema vile vitamini ulivyotuma vimewafaa watoto wa bweni na wapishi pia, maana wapishi nao waligundua ghafla kwamba wanaumwa.

Umeuliza kama mifugo imenona. Nilipomsomea Uranchimeg mstari huo tulicheka mpaka chai ikamwagika. Najua mkono ulijiandikia wenyewe. Hata mimi nikikutana na mtu njiani namuuliza hivyo hivyo, naye ile baridi ya miaka ile haikumwachia hata mbuzi, kama ambavyo haikuniachia mimi. Basi nakujibu: mifugo yangu sasa ni matanuri mawili ya bweni. Yamekula makaa tangu Septemba, yamenona, na hakuna hata moja lililokufa.

Sasa nikuambie kwa nini ualimu. Watoto wa wafugaji wanaletwa hapa wakiwa na miaka minane, wazazi wanarudi malishoni, na jioni ndiyo saa ya kilio. Mwaka huu yuko mmoja anaitwa Nansalmaa. Alilia wiki ya kwanza yote, hali chakula, matroni akashindwa. Mimi nilikuwa naleta ndoo ya makaa. Nikaiweka chini, nikaanza kumwimbia ule wimbo wa kumbembeleza kondoo anayemkataa mwanawe, toig, toig, toig. Aligeuka akaniangalia kwa hasira.

"Mjomba, mimi si kondoo!"

"Ala! Mbona nimesikia mtu analia mee?"

"Sikulia mee. Nililia kawaida."

"Haya, lia tena nisikie vizuri."

Akacheka, dada. Akala na mkate. Tangu siku hiyo, kila nikiingia bwenini kuna mtu ananililia mee ili nimwimbie, na vitabu vyao wananiletea niwasomee. Nikiwa na ndoo mkononi najikuta nafundisha kujumlisha kwa vipande vya makaa. Hapo ndipo niliposema, kama kazi yenyewe naifanya, basi niifanye kwa haki.

Nakushukuru kwa kunizungukia. Lakini niulizie mambo haya. Shahada hiyo ya mjini inamruhusu mtu kufundisha darasa lipi? Na mazoezi ya kufundisha yanaanza mwaka wa ngapi, yanafanyika shule gani? Sikatai. Nauliza tu.

Shemeji Enebish hajambo? Hukumtaja.

Mdogo wako,
Gombosuren


Ulaanbaatar, 23 Mei 2004

Mdogo wangu,

Nimefurahi mko salama. Kuhusu mifugo, nilijipiga kofi la paji la uso nilipoisoma barua yako. Nisamehe. Hapa miti ya mbele ya hospitali imechipua. Enebish mzima, ana kazi nyingi.

Majibu yako ni haya. Shahada ya mjini ni ya kufundisha darasa la tano mpaka la kumi. Mazoezi ni mwaka wa nne, shule utapangiwa hapa hapa mjini. Umeridhika? Mtihani wa kujiunga utafanyika Juni hapo mkoani kwenu, na matokeo hayo hayo yanafungua mlango wowote, wa huku na wa huko. Kwa hiyo nenda ukafanye, majina yote mawili ya vyuo yajaze kama ukitaka, lakini la mjini liwe la kwanza.

Niseme wazi. Darasa la kwanza, Gombo? Wewe? Mwanamume mwenye mabega kama mlango, umeinama kuwafunga wasichana utepe mweupe wa nywele na kuwapangusa makamasi? Kwenye orodha yote ya chuo cha mkoa wanaume wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mmoja wao nasikia alijiandikisha kwa makosa. Mimi sikuendelea na shule peke yangu ili mwisho wa yote ndugu yangu aishie kuchonga penseli. Nataka uingie kwa mlango wa mbele, kwenye jengo lenye nguzo, watu wakuone.

Pale kazini nimeshawaambia wote. Nimewaambia ndugu yangu anakuja chuo kikuu. Hata yule daktari wa meno asiyesalimia mtu amenipongeza. Nimenunua na shuka mpya.

Kula vizuri kabla ya mtihani. Usimeze vitamini vyote kwa siku moja, nakujua.

Norjmaa


Ulaanbaatar, 25 Julai 2004

Mdogo wangu, ee mdogo wangu!

Hamjambo wote? Sikukuu ya Naadam mliisherehekeaje? Mimi sina habari za familia leo, nina habari moja tu. Nimelisoma jina lako. Majina wameyabandika kwenye kioo cha mlango wa chuo, watu wamejazana, mimi nikapenya kwa viwiko kama mtu anayekimbilia nyama ya bei nafuu. Gombosuren! Alama za historia za juu, za lugha nzuri, za hesabu tusizitaje mbele za watu. Umepita. Kijana mmoja pembeni yangu aliniuliza, "Mama, ni mwanao?" Nikamwambia, "Mdogo wangu, na mimi si mama yako." Nilikuwa na furaha mno, hata kumkasirikia sikuweza sawasawa.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha ni tarehe ishirini na tano mwezi ujao, na ni lazima uje mwenyewe na vyeti vyako. Njoo mapema. Nitakungoja kituo cha mabasi.

Kwa nini hujaniandikia tangu Aprili?

Dada yako mwenye kutembea kifua mbele,
Norjmaa


Ulaanbaatar, 27 Agosti 2004

Gombosuren,

Juzi nilikaa kituoni mpaka basi la mwisho la upande wenu likamwaga abiria wake wote. Jana nilikwenda chuoni kuwaomba wakuongezee siku. Mwanamke wa pale ofisini akatazama karatasi zake akaniambia, kwa upole, kwamba jina lako limefutwa kwa sababu umejiandikisha chuo kingine.

Chuo gani, Gombo? Na kwa nini nilisikie hilo kwa mtu baki?

Norjmaa


Khar Tolgoi, 5 Septemba 2004

Dada yangu Norjmaa, shikamoo, hata kama leo hutaipokea.

Sisi wazima. Barua zako mbili zimefika kwa gari moja la posta, ile ya furaha na ile ya hasira, nikazisoma kwa mpangilio huo. Sikula siku ile.

Nimejiandikisha kozi ya masafa ya mkoani. Nilikata shauri tangu Juni, siku ya mtihani wenyewe, na miezi yote hii nimekaa kimya kama maji mtungini kwa kuwa nilikuogopa. Ndiyo. Mwanamume mwenye mabega kama mlango anamwogopa dada yake. Kila nikishika kalamu naziona zile shuka mpya.

Sasa nakuambia sababu, unisikilize kama unavyomsikiliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Mjini ningefundishwa kuwafundisha watoto wakubwa, na mimi nataka wadogo. Si kwamba nimekosa makubwa nikaokota madogo. Wale wa darasa la tano wameshajifunza kukaa mbali na kwao. Wa darasa la kwanza ndio wanaolia, na asiyeshikwa mkono mwaka ule harudi tena baada ya likizo, anabaki malishoni. Mwaka jana watatu hawakurudi. Wewe unajua anayebaki malishoni anakuwa nani. Unamwandikia barua.

Pili, mjini ningesubiri mwaka wa nne ndipo niguse ubao. Huku mazoezi yanaanza muhula wa kwanza, na yanafanyika katika shule yako mwenyewe, mkufunzi anakuja kukuona. Nilipokwenda mkoani nilimuuliza yule mkufunzi, Bi Sevjid, kama wanapokea mtia makaa. Akaniuliza, "Unanyoa ndevu?" Nikasema ndiyo. "Basi unapokelewa. Watoto wadogo hawapendi zinazochoma." Hapo hapo nikampenda.

Tatu, tanuri. Nikiondoka hapa, baridi ikianza nani atalichochea? Wakiajiri mlevi kama yule wa kabla yangu, watoto wanaamka maji yameganda kwenye ndoo.

Hayo ni ya kwangu. Sasa la kwako, nalo nalisema kwa heshima. Tumur, dereva anayepeleka sufu mjini, alikuletea jibini kavu na nyama mwezi Juni. Aliporudi nilimuuliza habari za Shemeji, akatazama buti zake. Nikambana. Akasema jirani yako alimwambia Shemeji Enebish alikwenda Korea kufanya kazi, mwaka wa pili huu, na kwamba siku hizi haandiki. Dada, mimi nilikuuliza hali yake Aprili, na wewe ukanijibu kwamba ana kazi nyingi.

Chumba ulichoniandalia ni kile alichokuwa akilala yeye?

Sikuulizi ili nikuumize. Nauliza kwa sababu kama ulikuwa unahitaji mtu wa kukaa naye, ungeniambia hivyo, usingenitajia jengo lenye nguzo.

Mdogo wako,
Gombosuren


Khar Tolgoi, 21 Novemba 2004

Dada Norjmaa, shikamoo.

Hujanijibu. Naendelea kuandika kama mtu anayegonga mlango huku akijua mwenyewe yumo ndani. Huku theluji imeshika. Uranchimeg amekufumia soksi za sufu ya ngamia, Tumur atazileta, na nimemkataza kusema chochote isipokuwa "soksi hizi hapa".

Nimefundisha somo langu la kwanza la kukaguliwa. Nani mwingine nimsimulie?

Bi Sevjid alikuja kutoka mkoani, akakaa nyuma kabisa, magoti yakigonga meza ya mtoto. Nilikuwa nimevaa suti ya mwalimu mkuu, mikono ikaishia hapa kwenye viwiko. Andalio la somo nililiandika kwa mwandiko mzuri mpaka vidole vikaniuma. Somo lenyewe ni kusoma kwa sauti. Kila mtoto anasoma mistari yake mpaka mwisho, anakaa. Nansalmaa, yule wa mee, bado ni mzito wa kusoma, amelirudia darasa mwaka huu. Alibaki wa mwisho. Wenzake wote wamekaa, yeye amesimama na kidole kwenye neno, na mimi nikaona kabisa kwamba mtoto huyu akikaa leo na aibu hii, likizo ikija ndiyo basi.

Andalio la somo halikuwa na kitu cha kunisaidia. Nikafanya nilichokijua. Alipomaliza neno la mwisho nikamshika mkono, nikamleta mbele, nikamwimbia sifa kama tunavyomwimbia farasi wa miaka miwili anayefika wa mwisho kwenye mbio za Naadam. Kwa sauti ile ile ya uwanjani, dada, madirisha yakalia.

"Huyu hana kosa! Njia ilikuwa na mawe, upepo ulimpiga usoni, mpanda farasi wake alisinzia! Mtazameni kifua chake! Mwakani wenzake watakula vumbi lake!"

Watoto wakapiga kelele "huuu-rai" kama watu wazima. Nansalmaa akavimba, nusura apasue sare. Nilijisikia mwalimu mkubwa.

Sasa ngoja. Tukaanza ukurasa wa pili. Mtoto wa kwanza akasoma neno moja, akanyamaza, akatazama dari. Wa pili akasahau ghafla herufi zote. Yule mwerevu kuliko wote, ambaye husoma mpaka gazeti la kufungia nyama, akaanza kunong'ona silabi moja, anapumzika, silabi nyingine. Darasa zima lilikuwa linashindania kuwa la mwisho! Kengele ikalia hakuna hata mmoja aliyemaliza. Watoto wa mfugaji yeyote wangefanya vile, na mimi, mfugaji mwenyewe, sikuliona linakuja.

Nje Bi Sevjid alifuta miwani yake kwa muda mrefu. Nilidhani ananikasirikia, kumbe machozi ya kicheko.

"Gombosuren, muda wako umekwisha hujafika hata nusu ya somo. Hilo nakuandikia vibaya."

"Sawa, Mwalimu."

"Yule msichana alisoma mpaka mwisho. Hilo nakuandikia vizuri. Kazi yako mpaka kiangazi ni moja: utamsifuje wa mwisho bila kuwafundisha wengine kuchelewa? Usinitafutie kitabuni, hakimo."

Alama nilizopata si za juu. Lakini nimepita, na alisema "kazi yako", hakusema "mazoezi yako".

Nilitamani ungekuwepo. Nina kiburi leo, nivumilie.

Gombosuren


Ulaanbaatar, 13 Februari 2005

Mdogo wangu Gombosuren,

Hamjambo? Mwezi Mweupe umewaendea vizuri? Soksi zimefika. Tumur alisema "soksi hizi hapa" akafunga mdomo kama askari, mpaka nikamhurumia nikampa mandazi ya nyama akala mchana kutwa.

Nimekaa bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe nilishindwa kujua ni ya nani. Ya kwako ilikuwa ndogo. Uliposema habari za Enebish nilitaka kuitupa barua ile tanurini, nikakumbuka kwamba wewe ndiye mwenye matanuri, mimi napashwa joto na bomba la maji moto la serikali.

Ni kweli. Alikwenda Korea kufanya kazi kiwandani. Mwaka wa kwanza aliandika. Kisha akapungua, kisha nikasikia ana mwanamke na mtoto huko. Sikumwambia mtu. Kazini nilisema anasafiri, nyumbani niliacha kanzu yake msumarini. Chumba ni kile, ndiyo. Nilikutaka uje usome, hilo ni kweli tupu, usidhani nilikuwa nakulaghai. Nilitaka pia jioni nisikie mtu anafungua mlango. Yote mawili nilikuwa nayo, nikakuonyesha moja lenye nguzo.

Barua yako ya somo nimeisoma mara nyingi mno. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu nyumbani, jirani akagonga ukuta. Siku ya pili nikaenda nayo kazini. Pale wote walikuwa wanajua ndugu yangu yuko chuo kikuu, kwa sababu tangu Agosti sikuwa nimewaambia vingine. Niliona haya. Wakati wa chai nikasema, "Jamani, ndugu yangu hayuko chuo kikuu. Ni mtia makaa wa bweni huko Khar Tolgoi, anasomea ualimu wa darasa la kwanza kwa masafa, na sikilizeni alichofanya." Nikawasomea. Gombo, daktari wa meno asiyesalimia mtu alicheka mpaka akashika meza. Halafu akasema mwanawe mkubwa aliacha shule baada ya darasa la pili, na akatoka nje kwa muda.

Na kwa kuwa mdomo ulishafunguka nikawaambia na habari za Enebish. Hakuna aliyekufa. Kanzu nimempa mlinzi wa hospitali, imemkaa vizuri kuliko ilivyomkaa mwenyewe.

Nilikosea kuhusu mlango. Nilikuwa nakuchagulia ule ambao mimi ningeonekana nikikupitisha. Umechagua wenye watoto nyuma yake. Nasema hivi mara moja tu, usije ukanitaka nirudie mbele ya wifi.

Dada yako,
Norjmaa


Khar Tolgoi, 19 Juni 2005

Dada Norjmaa, shikamoo.

Wazima wote. Nyasi mwaka huu ziko vizuri, watu wanatabasamu. Barua yako nimeihifadhi, na wifi yako ameshaisoma, mlinzi wa siri hakuwa nyumbani siku hiyo.

Nimemaliza mwaka wa kwanza. Jibu la Bi Sevjid nililipata kwa watoto wenyewe. Anayemaliza kwanza haketi, anarudi kukaa na aliye nyuma mpaka amfikishe, kisha tunawaimbia wote wawili. Ndivyo tulivyofanya na kondoo kila jioni, kumrudia aliyebaki nyuma, na nilihitaji mwaka mzima kulifikiria! Bi Sevjid alisikiliza, akasema "mhm", akaandika. Uranchimeg anasema "mhm" ya mwanamke yule inapaswa kuwekwa kwenye fremu.

Nansalmaa amepanda darasa la pili.

Sasa tulia ukae. Mwalimu wa darasa la kwanza, binti wa watu kutoka mjini, ameolewa anahama. Wametafuta wa kuijaza nafasi yake, hakuna anayetaka kuja Khar Tolgoi. Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Nikadhani makaa yameisha.

"Gombosuren, chuo kimesema unaweza kushika darasa kwa kibali cha muda huku ukiendelea na masomo. Septemba unaanza. Usiponitafutia mtia makaa mzuri, hutoki kwenye tanuri."

Nimemtafuta. Ni mzuri, hanywi, nimemfundisha mwenyewe jinsi ya kulifunika jivu.

Shahada ya masafa bado miaka mitatu, najua. Nitakuwa na miaka arobaini na mbili nikiivaa ile kofia. Lakini tarehe mosi Septemba nitasimama mbele yao na wao watasema "Mwalimu". Ninaogopa, dada, na sijapata kuwa na furaha ya namna hii tangu nilipofuga.

Gombosuren


Mkoani, nyumba ya wageni, 3 Septemba 2005

Mdogo wangu,

Hamjambo? Sijambo. Habari za familia unazo, kwa sababu juzi nilizila mezani kwako. Gari la kunirudisha mjini limeharibika, fundi yuko chini yake tangu asubuhi, nami nimepata karatasi.

Nakuandikia jambo ambalo sikuweza kulisema kwako, kulikuwa na wageni wengi na wewe ulikuwa umeshika chaki hata wakati wa kula.

Sikukuarifu kwamba nakuja kwa kuwa nilitaka kukuona kabla hujaniona. Nikasimama nje ya uzio wa shule pamoja na wazazi. Walikuja kwa farasi, kwa pikipiki, nguo za sikukuu, watoto na maua na tepe zile nyeupe kubwa kuliko vichwa. Ukatoka. Suti imekutosha safari hii. Wakapanga mstari mbele yako, mmoja akaanza kulia, nikakuona unapiga magoti kwenye changarawe na suti yako mpya, unamwambia kitu sikioni. Sikusikia kitu gani. Nilimwona tu anapangusa macho, anakupa mkono.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja kijana, mfugaji, uso umeungua jua. Amemleta mwanawe wa kwanza na yeye mwenyewe analia chini kwa chini. Nikampa kitambaa changu. Akanitazama nguo zangu za mjini na machozi yangu, maana nami nilikuwa nayo, akaniuliza, "Dada, na wewe umemleta mtoto gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Yule pale mbele. Yule mrefu."

Norjmaa